Saa ya Mutu wa Nne

Aveba, tarehe 12 mwezi wa tano

Mudogo wangu Sébastien,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Naona ajabu kukuandikia kwa kalamu kama wakati wa wazee, lakini antene ya simu ya Aveba ilizimika tangu mwezi wa tatu na hakuna aliyekuja kuitengeneza. Honoré wa moto anapanda Bunia kila wiki na ile pikipiki yake. Yeye ndiye posta yetu sasa.

Muke wako yuko muzima. Mimba imeingia mwezi wa sita, nimeipima mwenyewe jana. Ulifanya vizuri kumuleta Immaculée kwa baba yake, karibu na materniti yangu, azalie hapo.

Sasa nakuandikia juu ya hiyo materniti. Mwezi uliopita watoto watatu walizaliwa wakiwa na pumzi ndogo, na wote watatu walinifia mikononi. Sina mashine ya oksijeni. Nina kile kibofu cha mpira cha kusukuma hewa kwa mukono, na mukono unachoka.

Padri ameniambia kuna mashindano ya velo, hizi baiskeli zenu, mwezi wa sita, kutoka Bunia mpaka Mahagi, siku tatu, ekipe za watu wanne wanne. Makanisa na wafanyabiashara wameyapanga ili kusaidia vituo vya afya. Kila ekipe inakimbia kwa jina la kituo kimoja. Kituo cha ekipe ya kwanza kinapewa mashine ya oksijeni mupya, pamoja na pano za jua za kuiendesha. Wengine wanapewa magodoro na sabuni. Sharti ni hili: saa inachukuliwa wakati mutu wa nne anafika. Wakifika watatu tu, ekipe imetoka.

Unatengeneza velo za watu pale Yambi ya Bunia miaka kumi sasa, na unazipanda kuliko wenyewe. Tafuta wengine watatu. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Hiki ni kikubwa.

Dada yako,
Gentille


Bunia, tarehe 17 mwezi wa tano

Yaya Gentille,

Barua yako nilisoma nikiwa na spana mukononi, na nilikubali mbele ya kufika mwisho.

Watu wako tayari. Wa kwanza ni Paul, anabeba unga na velo mpaka Iga-Barrière kila siku ya soko, muguu yake ni kama chuma. Wa pili ni Aimé, mwalimu wa mazoezi. Wa tatu ni Vital, fundi cherehani. Huyu Vital ni mwembamba sana, anapanda mulima kama hana uzito, lakini kwa kushuka anaogopa. Nimemwambia atakuwa nyuma yangu kila mushuko, asiangalie barabara, aangalie mugongo yangu tu.

Velo zetu si za mashindano. Nimeondoa viti vya mizigo, nimekata chuma yote isiyo na kazi. Kila asubui tunaenda Iga-Barrière na kurudi, halafu kila mutu anaenda kutafuta chakula yake. Juzi Aimé alitapika kando ya barabara, akapangusa kinywa, akasema tuendelee.

Neno moja tu, Yaya. Kama kitu kinapata Immaculée ao mutoto, uniambie siku ile ile. Usinifiche kwa sababu ya mashindano. Mashindano inarudi kila mwaka.

Mudogo wako,
Sébastien


Aveba, tarehe 1 mwezi wa sita

Bwana yangu Sébastien,

Nilikataza Yaya Gentille asiandike badala yangu. Mukono yangu ingali inafanya kazi, ni miguu ndiyo imevimba. Viatu haviingii tena. Yaya yako anakuja kila siku kupima presha, anaandika ndani ya kitabu yake, hasemi kitu. Nikimuuliza anasema niache chumvi.

Watu hapa wanaongea juu ya velo yenu tu. Kanisani wamewaombea. Mama mumoja alinishika mukono akasema bwana yangu ndiye ataleta pumzi ya watoto wa Aveba. Nilimwambia asante. Lakini ndani yangu nilisema: mimi nataka bwana tu.

Tumengoja mimba hii miaka ine, Sébastien. Unajua maneno niliyosikia kwa familia yenu miaka ile yote. Dada yako peke yake ndiye hakusema kitu. Sasa mutoto anageuka ndani, na mimi naogopa kila kitu, hata kukohoa.

Niandikie na mukono yako hii: kama saa ya kuzaa inafika mbele ya siku yake, utaacha velo na utakuya? Hata kama ni katikati ya barabara?

Ni mimi,
Immaculée


Bunia, tarehe 6 mwezi wa sita

Muke wangu Immaculée,

Naandika na mukono yangu: nitaacha velo na nitakuya. Hata katikati ya barabara. Paul na Aimé na Vital wanajua, niliwaambia siku ya kwanza. Walikubali.

Mimi niko muzima kabisa, usiwaze juu yangu. Kula. Weka miguu juu ya muto kama Yaya anavyosema. Mashindano inaanza tarehe 20, tarehe 22 tunafika Mahagi, na tarehe 24 niko hapo kwako na vumbi yote ya Ituri kwa nguo.

Umwambie mutoto anigoje kidogo.

Bwana yako,
Sébastien


Aveba, tarehe 18 mwezi wa sita

Mudogo wangu,

Naandika haraka, Honoré amewasha moto.

Huku tuko salama. Immaculée amelala, ndiyo maana hakuandika. Anakula kama wanaume wawili, jana alimaliza sombe yote ya chungu halafu akauliza wengine watakula nini. Anasema mutoto anapiga teke usiku na mchana, naye pia anafanya mazoezi ya velo.

Usiwaze juu ya huku. Uangalie barabara. Nina wamama wengine watano hapa wanaongoja siku zao, na mumoja ana mapacha. Usisahau wale.

Mungu awe na wewe.

Gentille


Bunia, tarehe 19 mwezi wa sita

Yaya,

Honoré amenikuta nikifunga cheni ya mwisho. Nimesoma barua yako mbele yake na nimecheka mpaka machozi, juu ya ile sombe. Huyu Honoré amekuwa mutu wa ajabu. Aliniangalia tu, hata chai alikataa. Nimempa mikate mbili ampelekee Immaculée.

Kesho saa kumi na mbili ya asubui tunaondoka mbele ya kanisa. Ekipe ziko tisa. Ya Mahagi ndiyo ya kuogopa, wana velo za kutoka Uganda, nyepesi, ninaweza kuinua moja na vidole viwili.

Umpe muke wangu salamu. Umwambie siku tano tu.

Sébastien


Njiani, tarehe 21 mwezi wa sita, kiisha etapu ya siku ya pili

Yaya Gentille,

Barua hii nitaipa shofere wa lori anayeshuka Bunia. Usimusomee Immaculée.

Nilimwambia niko muzima, nilidanganya. Wiki tatu zilizopita, tulipokuwa tunafanya mazoezi, nilianguka kwa changarawe na goti la kuume lilijigonga kwa jiwe. Nilifunga kitambaa, sikusema kwa mutu. Leo, kwa mulima ile ndefu, goti lilikataa. Si kuuma, Yaya. Lilikataa, kama vile si langu. Nilishuka, nikasukuma velo, na watoto wa barabara wakanipita kwa miguu.

Wenzangu walirudi. Paul aliweka mukono kwa mugongo yangu akanisukuma huku anapiga pedali na muguu yake, na akichoka Aimé anachukua nafasi. Vital alienda mbele kukata upepo. Kwa mushuko wa mwisho sikuweza kukaa mbele yake kama nilivyomwahidi, naye alianguka. Ngozi ya mukono yote imetoka. Alisimama, akasema hakuona mugongo yangu.

Ekipe ya Mahagi iko mbele yetu kwa dakika kumi na moja. Mutu wa nne ni mimi sasa. Mimi niliyewaita ndiye ninawaua. Nimewaambia waniache, wakanikumbusha sharti: watatu hawana saa.

Goti limejaa kama kichwa ya mutoto. Nalifunga maji baridi na ninawaza wale watatu waliokufia mikononi. Ninawaza pia wangu, aliye ndani ya tumbo na ambaye labda ataomba pumzi kwa mashine ileile. Hiyo tu ndiyo itanipandisha kesho. Sina kitu ingine.

Utuombee. Sisemi kwa mazoea.

Sébastien


Aveba, tarehe 20 mwezi wa sita
(Régine, yule anayeuza maharagi, anaenda Mahagi na lori. Atakupa kwa mukono.)

Sébastien,

Nimengoja siku mbili. Leo najua hutakuya.

Nilikuwa nasema labda Honoré alichelewa, labda hakukukuta. Nilikuwa nakaa kwa mulango, maziwa inatoka inalowesha nguo, na kila moto inayopita nasimama. Halafu Honoré alirudi. Nilimuuliza: ulimupa barua? Akasema: nilimupa. Nikamuuliza: aliisoma? Akasema aliisoma mbele yangu. Nikamuuliza ulisema nini. Aligeukia moto yake. Nililazimisha. Akasema ulicheka. Ulicheka mpaka machozi, ukasema siku tano tu, ukanitumia mikate.

Mimi sijui mutu wa namna gani anasoma kwamba mutoto wake amekufa, halafu anacheka.

Alizaliwa tarehe 17, saa nane ya mchana. Msichana. Alikuwa na nywele nyingi na kucha ndogo sana. Alilia mara moja tu. Dada yako alisukuma hewa na kile kibofu mpaka asubui ya kesho yake, alipochoka tukabadilishana, mimi mwenyewe nilisukuma nikiwa nimelala. Saa mbili na nusu ya asubui aliacha. Baba yangu alitengeneza sanduku. Walimuzika siku ile ile. Nafasi yako kando ya shimo ilikuwa wazi, watu waliizunguka bila kuikanyaga.

Uliandika na mukono yako: hata katikati ya barabara. Hukuwa hata katikati ya barabara. Ulikuwa bado Bunia.

Ushinde mashindano yako. Usikuye hapa.

Immaculée


Mahagi, tarehe 23 mwezi wa sita

Gentille,

Niko kwa kitanda ya hopitali hapa Mahagi. Régine alinikuta. Alinipa barua ya Immaculée akasema pole sana. Nilifikiri ananipa pole juu ya goti. Nikamwambia si kitu, litapona.

Nilisoma mistari mitatu sikufahamu. Nikafikiri ni barua ya mutu mwingine. Nikarudi kwa jina langu pale juu, nikasoma tena.

Ulikuwa umeandika tarehe 18. Immaculée anasema walimuzika tarehe 18. Basi niambie, ulipoandika juu ya sombe, mutoto alikuwa bado juu ya ardhi ao alikuwa chini? Nataka kujua hiyo tu. Nataka kujua ulikaa kwa meza gani.

Tulishinda. Ujue, maana ndiyo ulichotaka. Kwa kilometa za mwisho mutu wa nne wa Mahagi alipasua tairi mbili, moja baada ya nyingine, na wenzangu walinisukuma mukono kwa mukono, sioni, natapika, mpaka kwa kamba ya mwisho. Dakika mbili tu mbele. Watu walitubeba. Vital alilia kama mutoto. Mashine yako nimeiona, ni nyeupe, iko na magurudumu madogo. Niliigusa. Nilisema moyoni: mutoto wangu, njia yako iko wazi. Siku ine alikuwa ndani ya udongo.

Nilikuomba neno moja. Nilisema mashindano inarudi kila mwaka.

Sébastien


Mahagi, tarehe 23 mwezi wa sita

Immaculée,

Sikujua. Barua niliyosoma mbele ya Honoré ilisema umelala, unakula sombe, mutoto anapiga teke. Ndiyo nilicheka. Niko naituma hapa ndani, uisome mwenyewe, ni mukono ya Gentille.

Dokta anasema kamba ya goti imekatika, nisisimame mpaka wiki mbili ziishe. Leo nilijaribu kutoka na fimbo, nilianguka kwa mulango.

Ninajua tu kwamba ulikaa unangoja moto, na mimi nilikuwa napima upepo wa tairi.

Sébastien


Aveba, tarehe 27 mwezi wa sita

Mudogo wangu,

Uliuliza meza gani. Ni meza ya dawa, ile ya materniti. Mutoto alikuwa amefungwa ndani ya kitambaa juu ya meza ileile, upande wa dirisha. Baba mukwe wako alikuwa bado anapiga misumari. Nilianza barua ya kweli. Niliandika “Sébastien, mutoto amezaliwa na amekufa,” halafu mama wa mapacha akaita kutoka kitandani, anasema maji yamepasuka. Nilisimama, nikampima. Haikuwa saa yake bado. Niliporudi kwenye meza niliichana ile karatasi na kuandika ingine.

Niliwaza hivi: akijua, atakuja. Akija, ekipe ni watu watatu. Mutoto wetu amekwisha kufa, hawezi kufa mara mbili. Wale mapacha wako hai. Niliona ni hesabu rahisi. Nilikuwa sijalala siku mbili, lakini siwezi kusema ni usingizi. Hata leo nikiwa nimelala vizuri naona hesabu ileile, na naichukia.

Kwa Honoré nilisema: barua inasema yote, usimuongeleshe, ni huzuni yake. Kwa Immaculée nilisema: nimemwandikia. Alipouliza kwa nini huji, nilisema labda utakuja mwisho wa mashindano. Hapo ndipo nilipofanya kibaya zaidi. Nilimuacha akuchukie, sababu chuki yake ilinisaidia kunyamaza. Nilifikiri utarudi, nitawaeleza wote wawili, mutanipiga, itakwisha. Sikuwaza Régine. Sikuwaza kwamba muke wako ana kalamu.

Na jambo moja sijamwambia mutu. Presha yake ilikuwa mbaya tangu mwanzo wa mwezi. Ilifaa nimpeleke Bunia. Nilikuwa naandika kwenye kitabu na kusema: ngoja, Sébastien asisumbuke, ngoja mashine. Usinijibu kama hutaki.

Mapacha walizaliwa tarehe 21. Mumoja yuko hai. Mashine haijafika.

Gentille


Aveba, tarehe 3 mwezi wa saba

Sébastien,

Barua yako na ile ya sombe zilifika pamoja. Nilisoma yako kwanza, sikuamini. Halafu nilisoma yake. Nilienda materniti na nguo ya nyumbani, bila viatu. Alikuwa anapima mama mumoja. Nilimupiga kofi mbele ya wagonjwa wote. Hakujikinga. Nilimupiga ingine. Alisema, “Iko haki yako.” Nilimwambia asinipe haki, hana ya kutoa. Sasa amejifungia kwa kazi, hatoki, watu wanamupelekea chakula na chakula inarudi.

Aliniambia pia juu ya presha. Alikuja hapa kwa baba jioni ya siku ile, akapiga magoti kwa mulango, akasema yote. Baba aliingia ndani. Mimi nilikaa kwa kiti, nikamuangalia mpaka akaondoka. Ni yeye peke yake kwa familia yenu aliyeniheshimu. Sijui nitafanya naye nini.

Mashine ilifika siku ya kwanza ya mwezi huu, juu ya pick-up ya padri. Watu waliimba. Sikwenda. Lakini jana Divine, yule jirani yetu wa kisimani, alizaa mutoto wa bluu. Nilisikia wanakimbia. Miguu ikanipeleka. Nilisimama kwa mulango wa materniti. Gentille aliweka mipira midogo ndani ya pua, mashine ikaanza kunguruma, na ile bluu ikatoka polepole, kwa midomo kwanza, halafu kwa vidole. Divine aliniona, akafunika uso kwa haya. Nilimwambia asifunike. Sikufurahi, Sébastien. Sitadanganya, tumedanganyana ya kutosha. Lakini sikutaka pia ile mashine izime.

Hasira niliyokuwa nayo juu yako ingali iko, haijui iende wapi. Usiku nakulaumu, asubui nakumbuka hukujua. Weye pia utakuwa hivyo na mimi, juu ya maneno niliyokuandikia. Tutavumilia.

Honoré analia kila akiniona. Nimemwambia apande Mahagi kukuchukua. Dokta akikataa, akubebe. Mutaenda polepole, utanyoosha muguu juu ya gunia.

Juu ya kaburi kuna musalaba wa mbao na tarehe mbili zinazofuatana. Watu wameniuliza mara nyingi tuandike nani. Baba alipendekeza jina la mama yake, padri alipendekeza la mutakatifu wa siku ile. Nimekataa yote. Nimewaambia baba yake yuko njiani.

Waza jina huko kwa moto. Rangi iko tayari.

Immaculée